EMULETA YA GEMU NI WIZI? NASAHIHISHA JIBU LANGU



Ndugu zangu, leo naandika kusahihisha jibu nililolitoa mwenyewe. Naomba usome hadi mwisho, kwa sababu jibu lile nusu yake ilikuwa sawa na nusu nilikosea. Ukiishia katikati utaondoka na nusu isiyokufaa.

Miezi michache iliyopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja alinifuata nje ya msikiti. Ana fremu ndogo ya simu. Anatengeneza simu, anauza chaji na kava, na sehemu kubwa ya pato lake ni kuwawekea watu gemu. Mteja analeta simu, yeye anaweka emuleta, kisha anajaza memori kadi gemu za PSP na PlayStation 2, analipwa shilingi elfu tatu. Akaniuliza: "Shekhe, kuna mtu kaniambia emuleta ni wizi. Pesa yangu ni halali?"

Mimi sikuwa najua emuleta ni nini. Nilisikia neno "wizi", nikajibu palepale: ni wizi, acha. Kijana wa watu akaacha. Aliporudi kwangu alikuwa anadaiwa kodi ya fremu, na alikuja na swali la pili: "Shekhe, lakini emuleta yenyewe, walioiandika wameigawa bure na wameruhusu watu waitumie. Hapo nimemwibia nani?"

Sikuwa na jibu. Nikaona nimefanya lile tunalolikemea kila siku juu ya mimbari: kuharamisha kitu bila elimu. Ndugu yangu, kuharamisha alichokihalalisha Allah si uchamungu. Ni kosa, kama lilivyo kosa kuhalalisha alichokiharamisha. Wanachuoni wetu wamefundisha kwamba hukumu ya kitu huja baada ya kukielewa, na mimi nilitanguliza hukumu. Nikamwomba radhi, nikakaa na vijana wanaoijua kazi hii, nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

KWANZA: EMULETA NI NINI?

Mashine ya gemu kama PlayStation ni kompyuta yenye lugha yake. Gemu lililoandikwa kwa ajili yake halifunguki kwenye simu, kwa sababu simu inazungumza lugha nyingine. Emuleta ni programu inayokaa katikati kama mkalimani. Inaifanya simu iitikie kama ile mashine ingeitikia.

Ndani ya emuleta hakuna gemu. Chukua PPSSPP, ambayo vijana wetu wanaitumia sana kuchezea gemu za PSP. Ilitoka mwaka 2012, inapatikana bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Ukiipakua ukaifungua, hukuti God of War wala mpira wa PES. Unamkuta mkalimani tu, anasubiri maneno ya kutafsiri.

Jambo hili lilishafika mahakamani zamani. Mwaka 1999 kampuni ya Connectix ilitoa programu ya kuchezea gemu za PlayStation kwenye kompyuta za Macintosh. Sony wakashitaki. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani ikasema kwamba Connectix kuichunguza programu ya ndani ya mashine ili kuandika ya kwao wenyewe ni matumizi yanayokubalika kisheria. Na Aprili 2024 Apple, kampuni isiyofanya mchezo na haki zake, ilifungua App Store kwa emuleta za gemu za zamani.

Sileti mahakama ya Marekani kuwa dalili ya kisheria katika dini yetu. Nailetea uelewa wa kitu chenyewe. Ama kanuni yetu inajulikana: asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Mbuzi ya kukunia nazi haijui nazi imetoka shamba la nani. Atakayeulizwa ni aliyeangua nazi isiyo yake. Kwa hiyo emuleta kwa asili yake ni halali. Hapo ndipo nilipokosea, na naomba msamaha kwa Allah kisha kwa kijana yule.

Lakini kuwa na mbuzi nyumbani hakukupi ruhusa ya kupanda mnazi wa jirani.

PILI: GEMU UMELITOA WAPI?

Hapa ndipo penye swali lenyewe. Tuzigawe hali.

1. Una mashine yako na CD yako halisi uliyoinunua, mpya au ya mkononi, ukalihamisha gemu lako kwenye kompyuta ili ulicheze mwenyewe. Kwa ninavyoona hakuna ubaya kisheria ya dini. Umelipa na unatumia ulicholipia. Vilevile zipo emuleta zinazohitaji bayosi, yaani ile programu ya kuwashia mashine, ambayo ni mali ya kampuni. Watu wa PCSX2, emuleta ya PlayStation 2, wenyewe wanamwelekeza mtumiaji aitoe kwenye mashine yake, asiokote ya mtu mwingine. Lakini angalia neno nililotumia: CD halisi. Ile CD ya elfu mbili yenye jina la gemu lililoandikwa kwa kalamu ya wino imeshanakiliwa bila ruhusa. Haikupi haki ambayo aliyekuuzia hakuwa nayo.

2. Gemu bado linauzwa, wewe unalipakua bure kutoka kwa mtu asiyelimiliki. Huku ni kula haki ya mtu, iwe umetumia emuleta au hukutumia. Mwaka 2024 Nintendo waliwashitaki watengenezaji wa Yuzu, emuleta ya mashine ya Switch. Walilalamika kwamba inawezesha kuvunja kufuli zinazolinda gemu zao, na walidai kwamba gemu la Tears of the Kingdom lilipakuliwa zaidi ya mara milioni moja kabla halijaanza kuuzwa Mei 2023. Kesi haikufika hatua ya kusikilizwa. Mwezi uliofuata walikubaliana, Yuzu wakalipa dola milioni 2.4 na wakafunga kazi. Hebu fikiri: mtu amepika, hajapakua chungu, na watu wameshakula. Chombo ambacho asili yake ni halali kinaweza kupata hukumu nyingine kwa njia kinavyotumiwa.

3. Gemu ni la zamani, haliuzwi tena popote. Hii ni hali ngumu na sitaki kuifanya nyepesi. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilionesha kwamba katika gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010, asilimia 87 hazipo tena sokoni. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Nintendo walifunga duka la mtandaoni la mashine zao za 3DS na Wii U. Maana yake hata ukitaka kulipa, hakuna wa kupokea. Yupo atakayesema: mwenye mali kaitupa. Mimi nasema haki haifi kwa sababu mwenyewe amenyamaza, na mara nyingi gemu la zamani hurudi likauzwa upya. Lakini pia siwezi kumweka anayecheza gemu lisilouzwa tena sawa na anayechukua lililopo dukani. Hili naliweka katika shubuha. Mtume wetu (swalla Allaahu alayhi wa sallam) ametufundisha kwamba anayejiepusha na yenye utata ameilinda dini yake na heshima yake. Ukiweza kuacha, acha. Na siku gemu hilo likirudi sokoni, utata umekwisha na udhuru wako umekwisha.

4. Unauza gemu za watu. Unapakua bure, unajaza memori kadi, unapokea pesa. Hii ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu hukuishia kujistarehesha. Umeigeuza haki ya mtu kuwa bidhaa yako.

TATU: TUNAVYOJITETEA

"Shekhe, mimi nimenakili tu, sijamnyang'anya mtu kitu."

Wapo wanachuoni waliolisema hili kuhusu vitabu, kwamba elimu haifungiwi. Tunawaheshimu. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi na ubunifu ni haki zenye thamani ya mali, zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Sheria za nchi zetu nazo zinalinda programu za kompyuta: Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, Kenya ya mwaka 2001.

Na sisi wenyewe tunayajua maumivu haya. Mnakumbuka vijana wa madrasa wanavyochangishana kurekodi qasida. Wanalipa studio, wanashona kanzu, na DVD zao haziishi wiki kabla hazijarudufiwa mtaani kwa bei ya maji. Siku ile hatukusema "wamenakili tu". Tulisema tumeibiwa. Basi kipimo ni kimoja. Tusipime kwa kibaba kikubwa tunapopokea na kidogo tunapotoa.

"Ni makampuni tajiri, tena ya wasio Waislamu."

Maquraishi walimtoa Mtume (swalla Allaahu alayhi wa sallam) Makka, walipanga kumuua, na bado amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Hakusema hawa ni maadui, mali yao ni halali kwangu. Alimwacha Ali (radhiya Allaahu anhu) nyuma azirudishe kwa wenyewe. Ikiwa haki ya anayetaka roho yako haiwi halali kwako, vipi ya mtu wa Japani aliyekaa miaka anaandika gemu na hakukukosea kitu?

"Ukilifuta ndani ya saa 24 hakuna kosa."

Hakuna sheria hiyo. Ni uvumi wa mtandaoni uliozeeka. Mwenye kuchukua baiskeli ya jirani bila ruhusa kisha akairudisha kesho bado alichukua bila ruhusa.

"Hatuna uwezo. Gemu dola 60, na kadi ya benki hatuna."

Hili nalielewa, na sitamcheka anayelisema. Kwa wengi wetu bei hiyo ni mshahara wa siku nyingi. Lakini dharura inayohalalisha iliyo haramu ni ile ya uhai na mfano wake, na gemu halimo. Yapo magemu ya bure yaliyoruhusiwa na wenyewe. Wapo wanaoandika magemu mapya kwa ajili ya mashine za zamani na wakayagawa bila malipo, na emuleta inayafungua. Usiseme hakuna mlango wakati hujabisha hodi.

NNE: KIJANA WA FREMU

Nilimwita tukakaa, nikamwambia hivi. Kuweka emuleta kwenye simu ya mtu na kupokea ujira wa kazi yako ni halali. Kutengeneza simu, kuuza padi za kuchezea gemu, kumfundisha mtu kupanga mipangilio ili gemu lisigande, vyote halali. Mteja akikuletea CD yake halisi umhamishie, chukua ujira wako bila wasiwasi. Magemu yaliyoruhusiwa na wenyewe, muwekee. Kujaza memori kadi magemu ya watu, hapo simama.

Akaniuliza kuhusu pesa aliyokwisha kula. Nikamwambia: uliyoyafanya kabla hujajua, tunatarajia msamaha wa Allah kwa anayefikiwa na mawaidha akaacha. Iliyobaki mkononi unayojua imetokana na kuuza gemu za watu, na huna njia ya kuwafikishia wenyewe, itoe kwa mafukara. Usiitie nia ya thawabu, itie nia ya kujisafisha.

Amefungua tena. Sitawadanganya kwamba riziki imemfurika. Wateja wengine wanamwona mgumu, wanavuka barabara kwa fundi mwingine anayejaza bila kuuliza. Pato limepungua. Lakini aliniambia jambo moja ambalo limenikaa: zamani alikuwa akihesabu pesa usiku huku ana swali, sasa anahesabu chache na hana swali.

Ndugu yangu unayesoma, huenda huna fremu. Una simu tu mkononi, na ndani yake kuna folda. Ifungue leo, ujiulize kila kilichomo kimetoka wapi. Usimwite mwenzako mwizi kwa sababu ana emuleta, kama nilivyofanya mimi. Wala usijione umesalimika kwa sababu emuleta ni halali. Mkalimani hana kosa, lakini maneno uliyompa ayatafsiri wewe ndiye uliyeyaleta.

Na mzazi, kabla hujampiga mtoto marufuku, kaa naye akuoneshe. Mimi nilijibu kabla ya kuuliza, na aliyelipa gharama ya haraka yangu ni mtoto wa mwenzangu.

Ikiwa nimepatia ni kwa tawfiki ya Allah, na ikiwa nimekosea ni mimi na shetani. Mwenye elimu zaidi anisahihishe, nitamshukuru. Ee Allah, tutosheleze kwa halali Yako tusiihitaji haramu Yako, na uturuzuku ujasiri wa kurudi kwenye haki pale tunapokosea. Aamiin.

Wallaahu a'lam. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.