Si rezo: mashini za vyumba vya michezo zinakula dakika za watoto

UVIRA – Kutoka Kavimvira hadi Kalundu, jibu ni lile lile. Mtoto anabonyeza, mchezaji kwenye skrini anapiga mpira wakati ameshapokonywa, mtoto analalamika, na mwenye chumba anajibu bila kugeuza kichwa: "Ni rezo." Lakini watoto hao wawili wamekaa kwenye ubao mmoja, wanacheza PES wao kwa wao, kwenye mashini moja. Hakuna modemu, hakuna kebo, hakuna simu inayogawa intaneti. Rezo gani?

Huo ni uongo, tena uongo unaolipwa. Katika vyumba hivi watu hulipa kwa dakika ama kwa mechi, na mashini ikichelewa saa ya ukutani haichelewi. Anayelipa mara nyingi ni kijana ambaye familia yake ilikimbia vita katika bonde la Ruzizi, shule yake imebaki nyuma, na franka zake amezipata kwa kubeba maji ama mchanga. Wapo watakaosema kwamba huu si wakati wa kuzungumza michezo, watu wamelala chini. Waulizwe: mama anayelipa kilo ya ndagala akapimiwa robo tatu, anyamaze kwa sababu kuna vita?

Mkosaji wa kwanza yuko mbele ya macho, nao ni televizio. Vyumba vingi vinaunganisha kompyuta kwenye televizio kubwa ya mtumba, kwa kuwa inavuta watu mlangoni. Televizio inapopokea picha huanza kuipamba: inasafisha, inaongeza rangi, inalainisha mwendo. Kwa filamu hakuna neno. Kwa mchezo, kazi hiyo inaweza kula milisekunde 100 na zaidi. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde hutumia karibu milisekunde 17 kwa kila picha, basi mtoto anaona jambo lililopita picha sita nyuma. Kipa ameshafungwa. Dawa yake haina bei: kufungua menyu ya televizio kwa telekomandi na kuchagua hali ya mchezo, ambayo kwa Kifaransa huandikwa "Mode jeu". Televizio isiyo na hali hiyo, izimwe mapambo yote ya picha, moja baada ya lingine. Ndani ya mchezo wenyewe pia kuna chaguo la "synchronisation verticale". Likizimwa, picha inaweza kukatika kidogo katikati, lakini mkono unajibiwa haraka.

Anayebisha achukue simu yenye uwezo wa kurekodi mwendo wa polepole, arekodi kidole na skrini pamoja, kisha ahesabu picha kati ya kubonyeza na kupiga. Kwenye simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde, kila picha ni milisekunde 4 na kidogo. Hapo ubishi umeisha.

Kuna ugonjwa mwingine, na wenye vyumba wanauchanganya na huu. Mashini inaanza vizuri, baada ya dakika 20 mwendo unaanguka. Hilo ni joto. Vumbi la barabara limeziba feni, na kompyuta inapopata moto sana inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Ichomolewe kwenye umeme, ifunguliwe, feni ishikwe isizunguke, vumbi litolewe kwa brashi kavu. Kama ni kompyuta ya mapajani na uzito unakuja kila umeme unapokatika, sababu ni betri: nyingi hupunguza nguvu zikiwa nje ya chaja, na chaja dhaifu ya kuokoteza inaleta shida ile ile hata umeme ukiwepo.

Lakini wauzaji wa vipuri wanapenda kuanzia kwenye memori. "Ongeza RAM," mwenye chumba anaambiwa, analipa dola, kesho mkono unachelewa vile vile. Memori inasaidia pale inapojaa kweli, na kuona kama imejaa ni bure: Ctrl, Maj na Échap kwa pamoja, dirisha linaonyesha kila programu inakula nini. Mara nyingi pale ndipo inaonekana programu ya "kuongeza kasi" iliyoletwa kwa flashi, nayo ndiyo inayokula kuliko mchezo.

Ni kweli, mashini ya zamani isiyo na kadi ya picha haitabeba mchezo mpya. Hata hiyo, ikishushwa kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, nukta za kuchora zinakuwa chini ya nusu. Na rezo nayo ina makosa yake, kwa wanaocheza na mtu aliye mbali: antena ya setilaiti ya kilomita 36,000 juu inakula karibu nusu sekunde kwenda na kurudi.

Wazazi walio katika familia zilizohama, pamoja na vijana wenyewe, waombe jambo moja kabla ya kutoa pesa: dakika mbili za kujaribu, menyu ya televizio ikiwa wazi. Mwenye chumba akikataa, aandike mlangoni bei ya mashini inayochelewa, mbali na bei ya ile inayojibu.