Mafuriko ya Rufiji: Mkulima asibebe gharama peke yake

KILA maji yanapofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, hukumu hutolewa haraka: "Waliambiwa wahame, hawakusikia." Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ukweli ni kwamba walihama. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Serikali iliwahamishia watu kwenye vijiji vya miinukoni kwa Operesheni Rufiji. Lakini udongo wa huko ni wa kichanga, wakati bondeni mto huacha tope lenye rutuba. Kilimo cha mlau, yaani mazao yanayopandwa maji yakishapungua, hakihitaji mbolea ya dukani. Kwa hiyo mkulima anayerudi bondeni si mkaidi. Anafuata mtaji wake.

Leo lipo jambo jipya. Juu ya mto limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Aprili 2024 mvua zilizidi, maji ya bwawa yakafunguliwa, na mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zikazama. Serikali ilieleza kuwa bwawa lilipunguza makali ya mafuriko. Hata tukikubali hivyo, bwawa hilo hilo huzuia tope, na maji yanayoshuka sasa hutegemea pia uamuzi wa waendesha mitambo. Mkulima hawezi tena kuusoma mto kama babu yake alivyousoma.

Nani alipe basi? Napendekeza mzigo ugawanywe mara tatu.

Kwanza, mkulima. Nyumba na akiba ya chakula viwe mwinukoni, bondeni abaki na dungu la kulindia shamba. Atakayejenga nyumba ya matofali bondeni ilhali amepewa kiwanja mwinukoni, hasara hiyo iwe yake.

Pili, halmashauri na Serikali Kuu. Ushuru wa mazao unakusanywa bondeni, basi urudi kwa njia ya viwanja vilivyopimwa, maghala, barabara, na tahadhari inayofika kijijini kabla maji hayajafunguliwa.

Tatu, sisi watumiaji wa umeme. Kila tununuapo umeme wa LUKU, asilimia 3 hukatwa kwa ajili ya umeme vijijini, na nchi haijaanguka. Sehemu ndogo ya makato ya namna hiyo ichangie bima ya mashamba ya mlau. Kampuni za bima ziliunda umoja wa bima ya kilimo mwaka 2023, hivyo pa kuanzia papo.

Mfanyabiashara mwenye jokofu la soda mjini atauliza yanamhusu nini. Yanamhusu: maji yanayozungusha mitambo ndiyo yanayoshuka hadi shambani kwa mkulima wa Rufiji. Wabunge walipeleke suala hili kwenye bajeti kabla ya masika mengine. Kugawa mahindi na mablanketi baada ya maafa ni gharama pia, tena haimrudishii mkulima mbegu yake.