Kuingia Vitani ni Rahisi, Kutoka ni Kazi



Serikali za Ethiopia na Eritrea zilitokana na wapiganaji waliosaidiana kumwondoa Mengistu mwaka 1991. Hata hivyo, Mei 1998 zilipigana. Moto uliwakia Badme, mji mdogo wa mpakani usio na mafuta wala dhahabu. Nyuma yake kulikuwa na ugomvi wa sarafu na biashara, mpaka usiowekwa alama, na viongozi walioogopa kuonekana wanyonge. Mkataba ulipotiwa saini Algiers, Desemba 2000, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kufa.

Aprili 2002 tume ya mpaka iliamua kwamba Badme ni ya Eritrea. Ethiopia iligoma kuuachia, na majeshi yakabaki yakitazamana hadi tamko la amani la Julai 2018. Kwa nini miaka 16? Kwa sababu damu iliyokwisha kumwagika hugeuzwa kuwa hoja ya kuendelea. Ni kiongozi gani atathubutu kumwambia mama kwamba ardhi aliyoifia mwanawe inarudishwa? Uchungu wa mama huyo tunauheshimu. Lakini hatukubali utumiwe kuwachimbia wana wa wengine makaburi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tunawasihi viongozi wa walei na jumuiya zetu: ngoma za vita zianzapo kulia, tuulize kabla ya risasi ya kwanza, “Tunataka nini, na tutatokaje?” Aulizaye hivyo hasaliti taifa lake, huwaokoa watoto wake.