NESI NA NGUMI (4): Sekunde kumi za Holloway

Jamani, UFC 300, Aprili 2024. Huku kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi, nimetoka zamu ya usiku, sijalala. Max Holloway anaongoza kwa pointi, zimebaki sekunde kumi. Angekimbia tu, ushindi wake. Yeye akanyoosha kidole chini, katikati ya ulingo: njoo tumalizane hapa! Ikabaki sekunde moja, Justin Gaethje kaanguka kifudifudi. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu unesi ukanirudia. Wenzangu wanamtazama aliyesimama, mimi namwangalia aliyelala kama anapumua.

Ngumi nazipenda, lakini mtu akizimika hajalala, ubongo umeumia. Kule Las Vegas daktari yuko pembeni ya ulingo. Huku mtaani kijana akidondoka tunammwagia maji, tunamnyanyua, Jumatatu yuko mazoezini. Acheni bwana! Msimnyanyue, msichezee shingo, tafuteni msaada awahishwe hospitali. Akianza kutapika au kusinziasinzia, hali ni mbaya zaidi.

Gaethje alirudi ulingoni Machi 2025, karibu mwaka mzima. Wa kwetu tunampa siku ngapi?