Buffalo Inajaa Tena, Kura Zetu Ziko Wapi?

Mwaka 1950 jiji letu la Buffalo, jimbo la New York, lilikuwa na watu 580,132. Viwanda vya chuma vikafungwa, watu wakahama, na kufikia 2010 walibaki 261,310. Sensa ya 2020 ikahesabu 278,349, ongezeko la kwanza katika miaka 70. Wahamiaji tumechangia sana hapo: Wabangladeshi, Wasomali, ndugu zetu wa Kongo.

Tumejaza nyumba zilizokuwa tupu, lakini nyingi ni kuukuu, za kabla ya 1978, mwaka ambao rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani. Mimi ni muuguzi: vumbi la rangi hiyo humwingia mdomoni mtoto anayetambaa, likadhuru ubongo, na ubongo ukishadhurika hakuna dawa ya kuurudisha. Sheria ya jimbo inataka kila mtoto apimwe damu akiwa na mwaka 1, tena akiwa na miaka 2. Mpelekeni.

Tangu 2020 jiji lina sheria ya kukagua nyumba nyingi za kupanga. Lakini fedha za wakaguzi hupangwa na meya na madiwani 9 kwenye bajeti.

Wenye uraia, msingoje Novemba. Hapa ni ngome ya Democratic. Mara nyingi mshindi hujulikana kwenye mchujo wa Juni, nao ni wa waliojiandikisha chamani tu. Msio na uraia, baraza husikiliza wakazi kabla ya kupitisha bajeti. Nendeni mkaulize: mtaa wetu utakaguliwa lini?