Tulivyomwogesha Kapita

Juma lililopita, baada ya kikao cha likelemba, mama mmoja alitushika mkono, akatuvuta pembeni na kutuuliza: «Mama mwalimu, paka anaogeshwa namna gani?» Wenzake waliokuwa karibu wakacheka sana. Mmoja akasema paka ana ulimi, na ule ulimi ni basini, sabuni na kitambaa vyote pamoja. Lakini mama yule hakuwa anafanya mchezo. Paka wake analala na watoto juu ya mkeka, na mtoto wake wa mwisho ana alama za viroboto toka miguuni mpaka tumboni.

Sisi hatukucheka. Sisi tuliwahi kuua paka kwa kumwogesha.

Ilikuwa mwezi wa nane, miaka miwili iliyopita, kiangazi kikali, vumbi kila mahali na viroboto wameongezeka chumbani mpaka usingizi ulitushinda. Tulikuwa na paka jike wa rangi ya majivu, mtulivu. Sisi tunaofundisha usafi darasani, tena wenye diploma ya ISP kabatini, tulichukua ile dawa ya kusafisha vidonda, ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa ndani ya maji. Tukamimina vifuniko viwili ndani ya basini, tukamchovya paka mpaka shingoni. Viroboto walikufa kweli, na tulijisifu. Paka akakaa juani kujikausha, akajilamba mwili mzima, kama wafanyavyo paka wote. Jioni akaanza kutokwa na mate. Miguu ya nyuma ikalegea, akawa anatembea kama mtu aliyekunywa lotoko. Tukampa maziwa, kwa maana watu husema maziwa yanavunja sumu. Hayakuvunja kitu. Kabla ya alfajiri alikuwa amekufa, na watoto wakamzika chini ya mpapai.

Panya hawakungoja matanga yaishe. Nyuma ya mlango tulikuwa na gunia la mbegu ya karanga, tuliloliweka kwa ajili ya mvua za Septemba. Siku tulipolifungua, karibu nusu ilikuwa maganda matupu na mavi ya panya. Baba watoto hakusema neno. Alikwenda kukopa mbegu kwa watu, na wakati wa mavuno tulirudisha debe tatu kwa kila debe mbili tulizochukua.

Jirani yetu, mzee mmoja Mwislamu, alipopata habari alitusikitikia kwanza, kisha akatuuliza swali ambalo halijatutoka. Alisema katika dini yao paka si najisi. Maji aliyoyanywa paka, mtu anaweza kuyatawadhia. «Sasa ninyi mlikuwa mnamsafisha nini?»

Kosa letu halikuwa maji. Ini la paka si kama ini la mtu, wala si kama la mbwa. Kuna sumu ambazo ini letu linazibadili ili zitoke na mkojo, lakini la paka linashindwa, au linakwenda polepole mno. Dawa ile ya vidonda ni ya namna hiyo. Permetrini pia, ambayo imo ndani ya dawa nyingi za viroboto vya mbwa na baadhi ya dawa za unga tunazonyunyizia mahindi ya akiba. Mbwa anaweza kupakwa na akaendelea kubweka; paka anatetemeka, anakakamaa, anakufa. Na kitu chochote unachompaka juu ya manyoya, jua kwamba utakuwa umemlisha, maana lazima ajilambe.

Tena petroli ya taa! Hapa kwetu imekuwa dawa ya kila kitu, hata chawa wa watoto, na hilo tutalisemea siku yake. Petroli inachoma ngozi ya paka, na akiilamba kisha akatapika, inaweza kuingia mapafuni.

Basi baada ya msiba ule, nyumbani hapakutajwa paka kwa miezi mingi. Mwishowe mama mkubwa, aliye Kabambare, akatutumia mmoja, dume kijana, mweusi na kifua cheupe. Alisafiri kwa pikipiki ndani ya kitunga kilichofungwa nyuma, na kila mtu aliyepita njia ile anajua mifupa ya binadamu inavyofika, sembuse ya paka. Kitunga kilikuwa kimekaa karibu na kidumu cha mafuta ya moteri ambacho kifuniko chake hakikufunga vizuri. Paka alitufikia mgongo wote umeloa mafuta meusi, chini amejichafua mwenyewe, na tayari alikuwa ametoa ulimi aanze kazi ya kujilamba.

Hapo hapakuwa na njia ya kuacha. Asipoogeshwa atameza mafuta yale. Akiogeshwa vibaya tutazika wa pili. Baba watoto alisimama mlangoni akasema tu: «Mwalimu, taratibu.»

Tulimfunga kwanza ndani ya kitenge kikuukuu, kichwa peke yake nje, ili asijilambe. Tukampangusa kwa vitambaa vikavu, bila kusugua. Kisha tukampaka mafuta ya karanga ya kupikia pale palipogandamana. Mafuta safi yanalegeza mafuta machafu, na hata akilamba kidogo si sumu. Ndani ya basini tulitandaza kipande cha gunia. Hiki ni kitu kidogo lakini ndicho kilichotuokoa: paka anayeteleza anaamini anazama, na hapo kucha zote zinatoka. Akipata mahali pa kushika anatulia. Maji yalikuwa ya vuguvugu, tuliyapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, nayo yalifika tumboni tu. Binti yetu mkubwa alimshika mabegani, sisi tukamwagia kwa kikombe toka shingoni kwenda mkiani. Kichwani hatukumwagia, uso tulipangusa kwa kitambaa chenye maji. Sabuni ilikuwa ya watoto, isiyo na dawa, na kidogo. Tulirudia mara tatu, na kusuuza kulichukua muda mrefu kuliko kuosha, kwa sababu sabuni inayobaki naye ataila. Tulifanya saa sita mchana ili jua limkaushe. Usiku paka aliyeloa anashikwa na baridi upesi.

Alilia kama mtoto, lakini hakufa. Watoto wakamwita Kapita, kwa kuwa tangu kesho yake alianza kuzunguka ghala kama msimamizi wa kazi.

Binti alipata mikwaruzo miwili mkononi. Tuliisafisha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, saa mkononi, kisha tukampeleka kituo cha afya. Wamama wengi wanapaka majivu na kunyamaza. Paka pia anaweza kubeba ugonjwa wa mbwa wenye kichaa, hasa akiuma, na dalili za ugonjwa ule zikishaonekana kwa mtu karibu hakuna anayepona. Chanjo inatolewa kabla ya dalili. Kama kituoni haipo, uliza siku hiyo hiyo inapatikana wapi.

Sasa, mama uliyetuuliza: paka wako hana mafuta, ana viroboto. Usimwogeshe. Viroboto unaowaona juu yake ni wachache; mayai na watoto wao wako ndani ya mkeka, blanketi na vumbi la sakafu. Chukua chanuo lenye meno yaliyokaribiana, mchane kila siku toka shingoni, na kila kiroboto anayenaswa mtumbukize ndani ya kikombe cha maji ya sabuni. Nguo za kulalia zifue kwa maji ya moto, mkeka uuanike juani, na ufagie mpaka nyuma ya vitanda. Usikate katikati, fanya hivyo kwa majuma kadhaa, kwa sababu mayai hayaanguliwi yote siku moja. Kama ana watoto wachanga, anza nao, kwa kuwa viroboto wengi wanaweza kunyonya damu ya kitoto cha paka mpaka kikafa. Na mtandikie kigunia chake pembeni ili aache mkeka wa watoto. Atabisha siku mbili, tatu.

Chanuo letu lipo. Ukilihitaji, mtume mtoto aje baada ya masomo.