Kabla ya Straika Mpya, Tuonyesheni Hesabu

Dirisha la uhamisho likifunguliwa, Nyamarambe nzima hugeuka kamati ya usajili ya Shabana, klabu yetu ya Kisii. Stejini kwa watu wa boda boda, sokoni na katika kumbi za kutazamia mpira, kila mtu ana jina lake mfukoni: straika wa kutoka Uganda, beki wa kushoto anayenyemelewa na Gor Mahia, kiungo ambaye mkataba wake umeisha. Mabishano huwa makali, na huwa ya watu wanaoujua mpira. Lakini kuna swali ambalo halipati nafasi: huyo mchezaji akija, mshahara wake wa mwezi Machi utatoka wapi?

Nashikilia kwamba swali hilo ndilo lingepaswa kutangulia mengine yote.

Pupa ya mashabiki ina chanzo chake. Shabana ilishuka daraja mwaka 2006 na kukaa miaka 17 nje ya Ligi Kuu. Vijana wa eneo letu la South Mugirango walikua wakisimuliwa na baba zao habari za timu ambayo wao hawakuwahi kuiona ikipambana na vigogo. Iliporejea mwaka 2023, Uwanja wa Gusii ulifurika, na wimbi la mashabiki wa Tore Bobe, jina la utani la timu, likaifuata hadi Nairobi. Mtu aliyesubiri miaka 17 hawezi kulaumiwa akitaka ubingwa upesi. Tena hoja yake ina uzito: timu ya jamii huishi kwa watu, na watu hufuata ushindi. Mchezaji mwenye jina hujaza uwanja, na uwanja uliojaa huwavuta wafadhili.

Tatizo liko kwenye kalenda. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18, kwa hiyo Shabana hucheza mechi 34, na 17 tu ndizo za nyumbani. Gor Mahia huja Kisii mara moja kwa msimu, AFC Leopards vilevile. Mishahara nayo hulipwa kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake. Tuchukue mfano wa kukadiria tu: wachezaji 25, kila mmoja akilipwa shilingi 40,000, ni milioni moja kwa mwezi, milioni 12 kwa mwaka. Watazamaji 3,000 wakilipa shilingi 200 kila mechi ya nyumbani, mechi 17 zitaleta milioni 10.2. Hapo hujamlipa kocha, hujakodi basi la kwenda Mombasa, hujalipia hoteli, polisi wala daktari. Na vurugu zikitokea siku moja uwanjani, klabu inaweza kupigwa faini au kuchezeshwa bila mashabiki, na mapato ya mlangoni yakapotea.

Ndiyo maana haifai kujipima na Kenya Police, waliotwaa ubingwa wa msimu wa 2024/25, wala na Tusker. Timu hizo zina taasisi nyuma yake. Mwisho wa mwezi kuna ofisi inayojua wajibu wake. Wala haifai kuwatazama Simba na Yanga tukauliza mbona wao wanaweza. Kule Tanzania, mwaka 2021 kampuni ya utangazaji ya Azam ilitia saini mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 za nchi hiyo, na klabu hizo mbili zina matajiri wanaozishika mkono. Anayeiga usajili wao bila mapato yao anajiandalia madeni.

Klabu wenzetu za jamii zimetufundisha somo hili kwa machungu. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipojiondoa katika udhamini mwaka 2019, baada ya kukosana na serikali kuhusu leseni na kodi, Gor Mahia na AFC Leopards zilibaki na mikataba ya wachezaji bila aliyekuwa akiilipia. Wachezaji wakadai, wengine wakagoma, wengine wakaondoka. Klabu zote mbili baadaye zilizuiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha wa kigeni. Kanuni ya FIFA iko wazi: mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kutoa notisi ya siku 15, avunje mkataba na bado adai fidia. Straika aliyeshangiliwa Julai anaweza kuwa mdai ifikapo Desemba, na klabu ikafungiwa madirisha hadi matatu mfululizo.

Mashabiki wa Nyamarambe wanayajua haya kuliko wanavyodhani, kwa sababu wanafuatilia Uingereza na Hispania kila wikendi. Waliona Everton wakipokonywa pointi msimu wa 2023/24 kwa kupata hasara kupita kiwango kinachoruhusiwa. Waliona Barcelona wakishindwa kumbakisha Messi mwaka 2021 kwa sababu hesabu ya mishahara ilikataa. Makali yaleyale wanayotumia kuchambua vitabu vya klabu za Ulaya wayaelekeze Kisii, kwa klabu ambayo wao wenyewe wanaichangia.

Wapo watakaosema uangalifu wa namna hii ni woga, na kwamba timu isiyothubutu hurudi ilikotoka. Sikatai kuthubutu. Nataka tukubaliane kwamba usajili mzuri ni ule ambao mshahara wake umetengwa kabla kalamu haijagusa karatasi. Wachezaji wawili wanaolipwa kwa wakati wana faida kuliko sita wanaokaa miezi mitatu bila senti, kwa maana mwenye njaa hachezi vizuri, na habari za klabu isiyolipa huwafikia mawakala haraka kuliko matokeo yake.

Na kuna mali ambayo tunaipita njiani tukienda kutafuta mbali. Kila mwaka, mashindano ya shule huibua vijana kutoka Nyamarambe, Etago na Tabaka, na wengi wao hupotea bila kusajiliwa na klabu yoyote. FIFA huagiza kwamba mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Fedha hizo hupewa klabu ambazo majina yake yamo katika kumbukumbu za mchezaji. Mtoto aliyecheza miaka sita mashambani bila kadi ya usajili huacha kijiji mikono mitupu hata akifika Ubelgiji. Shabana ikiwa na timu za vijana zilizosajiliwa rasmi, zikishirikiana na timu ndogo za mashambani, itapata wachezaji wa mishahara inayobebeka leo, na haki ya kudai kesho.

Basi mashabiki wadai nini? Kwanza, kabla ya kila dirisha, uongozi utangaze mambo matatu: mapato ya msimu uliopita, deni lililopo, na kiasi kilichotengwa kwa mishahara ya miezi 12 ijayo. Pili, michango ya mashabiki ipite kwenye akaunti moja inayokaguliwa, na taarifa yake isomwe mkutanoni. Tatu, wanasiasa wanaoahidi fedha majukwaani waahidi kwa maandishi, wakitaja kiasi na tarehe, maana ahadi ya kampeni haiwezi kumlipa mchezaji baada ya uchaguzi.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji sheria mpya. Kila chama cha akina mama cha kuweka akiba huku kwetu husoma hesabu mbele ya wanachama, na asiyeridhika huuliza hapohapo. Shabana ni ya jamii, na jamii inayochanga ina haki ya kuuliza. Viongozi wakizisoma hesabu hadharani, tutabishana kuhusu straika tukijua uwezo wetu. Wakikataa, tusishangilie usajili wowote hadi tuonyeshwe utakavyolipiwa.